Viatu Vilivyobaki kwa Genoveva

Kila asubuhi Faudhia alimsaidia baba yake kutundika vitenge mbele ya duka lao, karibu na soko la Babati, kisha akaenda shule kwa njia ileile. Alipita kwa fundi cherehani, akavuka barabara kubwa, akakata kona kwenye mashine ya kukamua alizeti, akawa amefika. Zaidi ya hapo mji aliujua kwa majina tu. Wateja walisema wametoka Singe, Nakwa au Bonga, naye alijiuliza huko kukoje.

Ndiyo maana alifurahi Mwalimu Aniceti alipowapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya Maarifa ya Jamii.

"Mji wetu una sehemu nyingi zinazoitwa kwa majina ya watu," alisema mwalimu. "Utasikia kwa fulani, kwa fulani. Nendeni wawili wawili, kwa miguu. Chagueni mahali pamoja, mkaulize mwenye jina ni nani. Jumatatu mtatueleza."

Faudhia alipangwa na Sinyati, msichana mrefu ambaye familia yake ilihamia Singe kutoka Simanjiro. Walichagua njia panda moja upande wa Nakwa, inayoitwa Kwa Genoveva.

Jumamosi walianzia sokoni, ambako perege wabichi kutoka ziwani walikuwa bado wanarukaruka kwenye beseni. Walipita kwa mafundi wa kuchomelea, cheche zikiruka hadi barabarani. Kwenye mashine ya alizeti, Faudhia aliomba kipande cha mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua, ili aone kina ladha gani. Mbele kidogo walimkuta mama mmoja akitembea juu ya turubai lililojaa mbaazi, akizigeuza kwa nyayo zake ili zikauke. Faudhia alisimama kumtazama mpaka yule mama akacheka.

"Wewe unatembea kama ng'ombe mwenye njaa," alisema Sinyati. "Kila penye jani unasimama."

"Kumbe mji wote huu ulikuwa hapa siku zote?"

"Ulitaka uwe wapi?"

Walipofika Kwa Genoveva jua lilikuwa la utosi. Palikuwa na kibanda cha vocha na kijana mmoja wa bodaboda aliyeegemea pikipiki yake.

"Mambo, kaka," alisema Faudhia.

"Poa, madogo."

"Eti huyu Genoveva ni nani?"

"Hata mimi sijui. Nimekuta panaitwa hivyo. Ulizeni kwenye zile nyumba za nyuma, ndiko waliko wenyeji."

Faudhia alizitazama zile nyumba. Kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino, na baba yake alikuwa akimsubiri dukani.

"Turudi," alisema.

"Lakini hatujapata jibu," alisema Sinyati.

"Jibu nitalipata njiani."

Kweli, njiani alilipata, ila alilipata kichwani mwake. Jumatatu alisimama mbele ya darasa akasimulia habari za mwanamke mchoyo aliyeiwekea chemchemi kufuli. Watu waliomba maji, Genoveva akawafukuza, mpaka chemchemi ikachukia na kukauka. Darasa zima lilipiga makofi.

"Nani amewaeleza?" aliuliza Mwalimu Aniceti.

"Mzee mmoja, mwalimu," alijibu Faudhia. Sinyati aliinamisha uso, akatazama dawati.

Hadithi ile ilipendwa kupita kiasi. Wanafunzi waliibeba hadi majumbani, kila mmoja mtaani kwake. Alhamisi, wakati wa mapumziko, Faudhia alimkuta Edda wa darasa la nne amekaa peke yake karibu na bomba, macho mekundu.

"Una nini, mdogo wangu?"

"Genoveva ni bibi yangu," alisema Edda. "Watoto wanapita nje wanapiga ndoo, wanasema, 'Genoveva, fungua maji.' Bibi amehamishia kigoda chake ndani. Hakai tena mlangoni."

"Kumbe yuko hai?"

"Jana amenipikia makande."

Faudhia alipomweleza Sinyati, alitegemea kulaumiwa, lakini Sinyati alifikiri kwanza.

"Ndama wetu akitoroka," alisema, "baba hakai akajuta. Anafuata alikopita. Na mimi nitakwenda na wewe, maana nilinyamaza."

Walimfuata Mwalimu Aniceti ofisini, na Faudhia akasema kila kitu. Mwalimu alifuta chaki mikononi polepole.

"Na mimi nilipaswa kuuliza jina la huyo mzee," alisema. "Anza kwa mwenyewe. Akikusikiliza, ndipo uje kwetu."

Jioni ile Edda aliwapeleka. Nyumba ilikuwa nyuma kabisa ya kile kibanda cha vocha. Bibi Genoveva alikuwa ndani, anachambua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni. Mbona mnasimama kama wageni wa posa?"

Faudhia alibaki mlangoni. "Bibi, ile hadithi ya kufuli niliitunga mimi. Nilichoka, sikuja kukuuliza. Nisamehe."

Bibi aliweka ungo chini. "Nimetukanwa kwenye mlango wangu mwenyewe," alisema taratibu. "Imeniuma, mwanangu, sitakuficha. Lakini wewe umekuja, hao wa ndoo hawajaja. Kaa. Uliza ulichotakiwa kuuliza."

Faudhia alikaa. "Kwa nini hapa panaitwa kwako?"

"Kwa sababu ya tope," alisema bibi. Aliona wameshangaa, akaendelea. "Zamani njia hizi zilikuwa udongo mtupu. Mvua ikinyesha, mtu anafika hapa na tope hadi magotini. Nani anataka kuingia sokoni au kanisani hivyo? Basi wanaingia uani kwangu, wananawa miguu, wanavaa viatu vyao vizuri, vile vya tope wananiachia. Jioni wanavipitia. Wakawa wanaambiana, tutavulia kwa Genoveva."

"Walikuwa wanakulipa?" aliuliza Sinyati.

"Waliniletea habari. Nilijua mambo ya mji mzima bila kutoka uani." Bibi alicheka kidogo. "Lakini msiende kusema nilikuwa malaika. Vingine vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Nilivivaa mpaka kisimani, nikarudi, nikavifuta."

Ukutani, kwenye msumari, zilining'inia katambuga mbili, ndala za tairi la gari.

"Hizo mwenyewe hakurudi," alisema bibi.

Kesho yake na siku iliyofuata, Faudhia na Sinyati waliutembea mji tena, safari hii wakifuata hadithi yao. Kwa mafundi wa kuchomelea waliikuta imeongezewa nyoka anayelinda chemchemi. Huko Singe, Genoveva alikuwa amekausha ziwa zima, ingawa ziwa lilikuwa palepale.

"Si kweli," alisema Faudhia kila mahali. "Niliitunga mimi." Kisha alisimulia habari za tope, viatu na zile katambuga.

"Ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi," alisema mvulana mmoja.

"Najua," alijibu Faudhia. "Lakini bibi mwenyewe anaishi pale, na anaisikia."

Yule mvulana alikuna kichwa. "Na hizo katambuga bado zipo?"

"Nenda ukabishe hodi."

Jumatatu Faudhia alisimama tena mbele ya darasa. Alikiri kwamba hapakuwa na mzee yeyote, akasimulia alichoambiwa. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, ila mikono ilinyooshwa.

"Mwenye zile katambuga alikwenda wapi?" aliuliza mmoja.

Faudhia alisikia jibu linampanda ulimini, zuri kabisa, lenye dhoruba na safari ya mbali. Darasa zima lilikuwa linamtazama.

"Sijui," alisema. "Bibi naye hajui."

Mwalimu Aniceti alimwashiria akae. "Mmesikia neno alilolisema?" aliwauliza wanafunzi. "Ni neno fupi, lakini Jumatatu iliyopita lilimshinda. Kutojua si kosa. Ukifika mahali hupajui, bisha hodi, uliza. Usipopata jibu, rudi useme hukupata. Ukijaza pengo kwa uongo, kuna mtu anaishi ndani ya hilo pengo, na wewe humwoni."

Kigoda cha Bibi Genoveva kilirudi mlangoni. Watoto walianza kupita kutazama zile katambuga, na wengi wao, waliokuwa wamepiga ndoo wiki iliyopita, walisalimia kwa sauti ndogo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, njia ya kutoka Singe iligeuka uji. Asubuhi moja Faudhia alikuwa amemfuata Sinyati huko, wakakubaliana waende shule kwa kuzunguka njia ya Nakwa. Walifika uani, miguu yao haionekani kwa tope.

"Hodi, bibi," waliita. "Tumekuja kuvua."

"Karibuni," alijibu bibi kutoka ndani. "Maji yapo kwenye ndoo. Na habari za mjini mniambie zote, ila ziwe zile tu mlizoziona wenyewe."