Mlango wa Kijani Chini ya Stesheni

Walikutana mbele ya meza yangu ya vitabu vikuukuu, soko la Ezbekia hapa Kairo, Ijumaa moja watu wakikanyagana. Nermin, gauni la bluu na skafu ya njano, alikuwa anapanga riwaya aliyoiandika mwenyewe juu ya vitabu vyangu bila hata kuniomba. Wagdi, fundi wa lifti mwenye grisi kwenye kucha, akamtania kwamba muuzaji akiwa mzuri hivi, bidhaa lazima ina kasoro. Akanunua. Mimi kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, lakini macho waliyotazamana niliyaelewa. Marehemu mke wangu alinitazama vile kabla hajafa kwa kukosa dawa, wakubwa wakijijengea majumba.

Wiki tatu simu zao hazikupoa.

"Umekula, roho yangu?" Nermin humuuliza.

"Koshari. Ila bila wewe ni dengu tu."

Kisha Wagdi akafika ukurasa wa gereza. Riwaya ni ya Kairo ya mwaka 2071: waliokamatwa kwenye maandamano wamefichwa chini ya stesheni, nyuma ya mlango wa kijani. Na Rifaat, kaka yake Wagdi, alichukuliwa kwenye uwanja wa maandamano mwaka ule wa mapinduzi, hajaonekana tena. Hapa kwetu magazeti ni ya wakubwa, anayetaka ukweli huutafuta kwenye hadithi. Wagdi akaenda stesheni, akaukuta mlango wa kijani, akaugonga. Polisi wakamweka ndani siku nne.

Alipotoka alikuja moja kwa moja mezani kwangu, Nermin yupo. Sikujua nimhurumie nani.

"Ulijua alipo, ukawa unanichekea kwenye simu."

"Nilibuni, Wagdi. Wallahi nilibuni."

"Mlango upo."

"Milango ya kijani mingi."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Sijui." Machozi yakamtoka. "Sasa hata mimi sijui."

Akaahidi kwamba toleo la pili la riwaya litamtoa mfungwa mmoja nyuma ya mlango ule, arudi kwao mzima. Wagdi akatikisa kichwa.

"Usimtoe. Mama namsomea kila jioni. Ukimtoa, atampikia Rifaat chakula, amsubiri."

Nermin akajifuta uso kwa ncha ya skafu. Akauliza kama mama huyo angekubali mtoto mdogo aoe kabla mkubwa hajarudi. Wagdi akasema hajui, itabidi wakamuulize. Akamshika mkono, wakavuka barabara kuelekea kwa mama yake, yeye mbele, Nermin nyuma akikokotwa kidogo.