Mwilinuru Usio na Kimeo

Mwilinuru ulilala juu ya meza, ukipumua. Haukuwa nyama wala plastiki. Ulikuwa mwanga mtupu uliofinyangwa na mtambo mpaka ukawa mwanamume mzima, na mwanafunzi akipitisha kisu chake cha mwanga, kifua kinafunguka na moyo unaonekana ukidunda. Chuo cha udaktari cha Tabora kilikuwa kimeshaagana na maiti. Hata ile desturi ya kusimama kimya kumshukuru marehemu kabla ya kumkata ilifutwa. Wamshukuru nani? Mtu huyu, waliambiwa, ametungwa kwa hesabu. Hana mama, hana kaburi.

Dokta Nyamizi, mwalimu wa anatomia, aliyakubali maneno hayo kwa shingo upande.

Asubuhi hiyo alikuwa akifundisha koo. Akaufungua mdomo wa mwilinuru, akatafuta kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Hakikuwepo.

"Mwalimu, mbona hana kimeo?" akauliza mwanafunzi wa mbele.

"Kimekatwa," alisema Nyamizi, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Kwao, mtoto akikohoa sana, bibi humpeleka kwa fundi akakatwe kimeo. Hospitali zinakataza, watu wanakata. Sasa hesabu nazo zilianza kukohoa lini?

Akamwita Mhandisi Lusajo, msimamizi wa mtambo. Lusajo akachungulia, akacheka kidogo.

"Kosa dogo tu hilo, Dokta. Nitakirudisha leo leo."

"Kiache. Nifungulie mguu wa kushoto."

"Si mnasoma koo?"

"Fungua, bwana."

Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika zamani, ukaungwa vibaya, ukapinda kwa ndani. Nyamizi aliujua. Utotoni aliushikilia kwa mikono yake, siku mdogo wake Masele, aliyekatwa kimeo naye, alipoangushwa na punda na mzee wa kuunga mifupa akaufunga kwa vijiti. Sura walikuwa wameibadili, ya ndani wakayaacha. Njia ya mwongo fupi.

Mwaka juzi Masele aligongwa na gari. Hospitali ya chuo hikihiki iliwaambia ndugu zake alifikishwa akiwa ameshakufa.

Machozi yalimlenga, akajikaza.

"Kaka Lusajo," akasema taratibu, "na huu moyo mmeutunga kwa hesabu?"

"Moyo hautungiki, Dokta," akajibu Lusajo kwa fahari. "Hesabu zilitushinda. Huo tuliurekodi unavyodunda, karibu saa nzima, na mapafu vilevile."

"Mliurekodi kwa nani?"

Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua moyo wa maiti haudundi.

Nyamizi akakizima mkononi mwake kile kisu cha mwanga.

"Simameni," akawaambia wanafunzi. "Huyu ni Masele, mdogo wangu. Walituambia alifika hapa ameshakufa."

Wakasimama wote. Mezani, Masele aliendelea kupumua, vilevile kama alivyopumua saa ile walipokuwa wakimrekodi badala ya kumtibu.