Dirisha Alilolikataa Sibiri

Nyumba mpya ya Sibiri ilikuwa ya saruji na mabati, ya kwanza katika mtaa wao mjini Koudougou. Dirisha lilikuwa moja tu, dogo, upande wa magharibi. Mkewe, Poko, aliomba madirisha makubwa mawili. Sibiri alimcheka mbele ya mafundi.

"Unataka kuwakaribisha wezi?"

Tangu wahamie, Poko alifumia vitambaa vyake uani. Mchana ndani hapakukalika kwa joto na giza.

Poko alipojifungua, baba yake alikuja kumwona mjukuu. Sibiri hakukubali mkwe wake akae nje kama mpita njia.

"Karibu ndani, Baba."

Mzee aliingia kutoka kwenye jua kali. Ndani giza, hakuona kitu. Mguu wake ukatua kwenye mkeka, kando kabisa ya kichwa cha mtoto. Poko akapiga ukelele, akamnyakua mwanawe.

Mzee alijifuta jasho lililomtiririka. "Nusura nimuue! Mwanangu, hii nyumba au tanuri? Nitoeni."

Sibiri alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata maji ya kumpa mkwewe alishindwa kuyapeleka mwenyewe.

Jioni alikuja Zerbo, jirani yao mwashi. Yeye ni Msamo, na Wasamo ni watani wa Wamosi, kabila la Sibiri.

"Enyi Wamosi! Siku hizi mnaoka wakwe?"

Siku nyingine Sibiri angemjibu, "Nyamaza, mla mbwa!" Leo aliinamisha kichwa tu. Zerbo akaacha utani.

"Shika ukuta huu wa magharibi."

Sibiri akaugusa, akauondoa mkono upesi.

"Jua la alasiri linapiga huku, na dirisha lako linalipokea. Tulizibe. Tufungue mawili yanayotazamana, moja kaskazini, moja kusini. Upepo utaingia huku utokee kule. Utapata mwanga bila jua kali."

"Na wezi?"

"Nondo zina kazi gani? Chini ya bati tuweke dari ya mikeka, na juu ya kuta tuache matundu, joto litoke. Ndani tupake chokaa. Weupe husambaza mwanga."

Sibiri alimgeukia mkewe. "Poko, ulisema."

"Nilisema. Ukanicheka mbele za watu."

Mafundi walipokusanyika, Sibiri aliwasimamisha kabla hawajashika nyundo.

"Mke wangu aliniambia mapema. Nilimcheka, nanyi mkacheka nami. Kosa ni langu."

Hakuna aliyecheka. Poko aliwaletea maji.

Kazi ilipokwisha, mkwe aliitwa tena. Alisita mlangoni. Sibiri hakuthubutu kumtazama usoni.

"Kumbe mtoto amelala pale," mzee alisema. Akauzunguka mkeka, akaketi. Upepo ulipita. Poko alikuwa akifuma karibu na dirisha la kaskazini.

Mzee alikunywa kinywaji cha uwele, akaanza kusimulia habari za mashamba, akasinzia katikati ya neno. Ilikuwa saa saba mchana, jua likiwaka nje.

Sibiri, aibu bado haijamtoka, aliwaashiria watu wa uani wapunguze sauti.