Mtoto Aliyesifiwa Adhuhuri

Sogeeni, vitoto vibaya nyie, wenye sura za nyani. Sogeeni na mnyamaze. Mwenye kikohozi akimeze.

Enzi za Mwingereza, hapa Tabora, Tatu alikuwa yaya kwa memsahibu mmoja. Tatu alikwisha kuwazika watoto wake wote waliotangulia. Wa mwisho alipozaliwa, alimlaza jalalani, kando ya njia ya zamani ya misafara. Jirani yake, Mwanne, akamwokota na kumrudishia: "Shika, nimeokota takataka." Mtoto akaitwa Jalala, ili kifo kimdharau.

Memsahibu alipohama, alimwachia Tatu kitabu cha mashairi ya kuwasifu watoto. Kilikuwa na picha: watoto wameshikana mikono, wanacheza duara majanini. Tatu hakujua kusoma, lakini sifa alizomsikia memsahibu akiwasomea wanawe zilimwingia. Adhuhuri moja akampakata Jalala, akamfunulia.

"Wewe nawe u ua. U mwezi wangu."

Kisha akamwita kwa jina zuri alilolificha moyoni tangu uzazi.

Nyumba ikanuka majani mabichi. Na kiangazi kile mbuzi walikuwa wakitafuna mikeka kwa kukosa majani!

Tangu hapo, kila adhuhuri, sandukuni kilimokaa kitabu mkawa na vicheko, kisha wimbo, kisha vishindo vya miguu midogo, na Jalala akazidi kuwa mwepesi mgongoni kama ungo mtupu, hata Tatu alipofungua kitabu akaona watoto wawili wameachana mikono, kati yao pengo la mtoto mmoja, nao hawachezi tena, wanamtazama yeye.

Mganga Mabruki alinong'ona, "Majini wa njiani hao. Wamesikia sifa. Mtupe tena."

"Mwanne atanirudishia?"

"Safari hii, aokotaye ndiye mama. Usimwite mwanangu tena, hadi kaburini."

Tatu akamlaza jalalani. Wimbo ukawazunguka. Mwanne akaja.

"Ehe! Nani katupa kibuyu chenye masikio?"

"Mama!" Jalala akamnyooshea Tatu mikono.

"Si langu hilo," Tatu akasema. "Linanuka. Lichukue."

Wimbo ukakatika.

Mwanne alirithi mtoto. Jalala alirithi jina lake baya, likamfikisha kwenye mvi. Tatu alipokufa, sanduku lilikosa mrithi; limefungwa kamba, na linanuka majani mabichi hata kiangazi. Pengo la pichani halijazibwa.

Nanyi mmerithi matusi yangu. Haya, nyani nyie, sogeeni zaidi.