Safu ya Ushahidi

Walikutana kwenye foleni ya kutoa nakala, mkabala na lango la hospitali. Yeye, mshona nguo, alikuwa wa saba, blauzi ya rangi ya haradali aliyojishonea mwenyewe imemganda mgongoni kwa joto. Mkononi alishika karatasi yenye jedwali: tukio, wazo, ushahidi wa kuliunga mkono, ushahidi wa kulipinga, uhakika kwa asilimia.

"Nakala ngapi, dada?" aliuliza mwenye mashine, mwanamume mrefu mwenye wino kwenye kucha.

"Thelathini."

"Una darasa?"

"Nina kichwa kimoja. Kinatosha darasa zima."

Mwenye mashine alicheka mpaka akakosea kubonyeza.

Karatasi ilitoka hospitalini. Zamani pale palikuwa na mshauri kila siku, waliokuwepo hawajasahau. Siku hizi mshauri huja mara moja kwa miezi mitatu, chumba chake kimejazwa viti vibovu, na mwenye hofu na huzuni hupewa kijitabu akaambiwa ajisaidie. Kurasa za kujaza akatoe nakala mwenyewe. Mshonaji hakulalamika, alijisaidia. Kila wazo baya lilipomjia aliliandika, akalidai ushahidi.

Akawa anarudi kwa Bwana Nakala, ndivyo alivyomwita mwenye mashine, hata karatasi zikiwa hazijaisha. Mwezi wa tatu tangu wakutane alikuwa akisindikizwa nyumbani kila jioni, akiitwa fundi wangu.

Jumamosi moja alimwachia karatasi za kunakili, mbio mbio, mteja akimsubiri. Jumatatu Bwana Nakala hakuja kumsindikiza. Jumanne simu yake iliita mpaka ikakatika. Jumatano vilevile.

"Amenichoka," mshonaji alimwambia dada yake kwenye simu, mguu juu ya pedali ya cherehani.

"Amekwambia?"

"Hajasema."

"Sasa nani kasema?"

"Najua tu."

"Hata kwa yule mwalimu ulijua tu. Ulihisi atakuacha, ukamtangulia. Mpaka leo yule mtu hajui kosa lake. Mdogo wangu, hicho kijitabu unakijaza cha nini, pambo?"

Kijitabu kilisema wazi: wazo likikosa ushahidi, nenda kaulize. Alhamisi asubuhi alikwenda. Alivuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa na karatasi. Mbele yake walikuwepo watu watano. Hakusubiri zamu.

"Umenichoka?"

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

"Mjibu basi," alisema mzee mmoja kwenye foleni. "Wengine tuna safari."

Bwana Nakala alivuta droo, akatoa karatasi. "Jumamosi, karatasi hii ilichanganyika na zile tupu. Nimeikuta kwenye kioo cha mashine. Nikaisoma yote."

Mshonaji aliutambua mwandiko wake. Wazo: siku moja atanichoka. Uhakika: tisini.

"Nikaona aibu," alisema Bwana Nakala. "Kila nikishika simu, naona nitasema neno baya, utaandika tisini na tano."

Safu ya ushahidi wa kupinga, aliyoiacha wazi, ilikuwa imejazwa kwa herufi kubwa za kiume: Nafunga duka mapema kila jioni nimsindikize. Mvua ilinikuta mlangoni kwake, sikuondoka. Nampenda.

"Hii safu ni yangu mimi kujaza," alisema mshonaji, na hasira yake ilikuwa ya kweli.

"Nisamehe."

"Umesoma siri yangu, ukanyamaza siku tatu nzima. Hilo linakwenda safu ya kuunga mkono." Akaliandika huko. Kisha akakata mstari wa mwisho wa Bwana Nakala.

"Mbona huo?"

"Nampenda si ushahidi, ni dai. Hii miwili naikubali, nilikuwepo." Chini yake akaongeza: Nimemuuliza, amejibu. Akafuta tisini, akaandika hamsini.

"Hamsini bado nyingi, mpenzi."

"Ndizo za leo."

"Na nikitaka kukuoa?"

Mzee mwenye safari akasahau safari.

"Uniulize siku nyingine," alisema mshonaji. "Leo nimekuja na swali moja, na limenimaliza nguvu. Nitolee tupu thelathini."

Mashine ikanguruma. Bwana Nakala alimkabidhi rundo lenye joto, akabaki na karatasi moja tupu, akaitia kwenye droo.

"Hiyo ya nani?"

"Yangu," alisema, bila kumtazama. "Na mimi nina kichwa kimoja."