Jibu la Kwanza Litupwe

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, jua linawaka, na dada yangu alikuwa amekwisha kugombana na watu wawili kabla ya chai. Hilo halikuwa jipya. Kazini walimwita Msumeno, kwa sababu alikata mbele na nyuma, na sidhani kama jina lenyewe lilimuudhi.

Kazi yake ilikuwa kukagua msimbo wa kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayozungumza na vifaa kabla programu nyingine yoyote haijaamka. Vifaa, aliniambia siku moja, ni kama wakwe: kila mmoja ana kituko chake na huna pa kumrudisha. Kimoja huchelewa kujibu, kingine hujibu mara mbili, kingine hudanganya mchana kweupe. Waandishi wa kiini hawawezi kukitengeneza kifaa, basi huweka kiraka: mistari michache ya kukizunguka kituko, na maelezo pembeni ya kueleza kwa nini. Kiraka kisicho na maelezo, dada alikichukia kama mwizi.

Asubuhi ile alikutana nacho kimoja. Kilihusu kihisi kidogo kinachohesabu watu chumbani kwa joto la miili yao na kupima kila mmoja yuko umbali gani, ili taa zijizime chumba kikibaki kitupu. Kiraka kilikiuliza kihisi, kikalitupa jibu bila kulisoma, kikasubiri sekunde nne, kisha kikauliza upya. Pembeni palikuwa na maneno haya tu: *Jibu la kwanza litupwe. Lisisomwe.*

Aliyeandika ni mzee mmoja wa palepale ofisini waliyemwita Bubu, si kwamba hawezi kusema, ila hakuona haja.

Dada aliandika kwenye ukurasa wa ukaguzi, ambako ofisi nzima inasoma: "Huu ni ushirikina, si msimbo. Wateja wanalalamika mashine inachelewa kuamka, kumbe ni sekunde nne za mtu aliyeshindwa kutafuta kosa. Eleza, au nafuta."

Bubu akajibu: "Usifute."

Dada akamfuata mezani kwake. "Mzee, sababu ni ipi?"

"Nimekwisha kuandika."

"Umeandika amri. Mimi nataka sababu. Au kichwa kimechoka, tukutafutie kazi ya kufagia?"

Wengine walicheka. Bubu hakugeuza hata shingo. "Futa," alisema. "Ila ukijaribu, jaribu peke yako. Usimponze mtoto wa mwenzio."

Akafuta.

Chumba cha majaribio kilikuwa mwisho wa korido. Meza, kiti kimoja, dirisha kubwa lisilo na pazia. Urefu wake mita tatu, ukuta hadi ukuta. Dada alikiweka kihisi mezani mbele yake, akawasha mashine, akasoma jibu la kwanza kwenye skrini.

Watu: wawili. Mmoja, nusu mita. Wa pili, mita nne.

Akacheka. Kituko hicho hapo, kifaa kinahesabu hewa. Akauliza tena baada ya sekunde nne, kikajibu: mtu mmoja, nusu mita. Sawasawa. Lakini mita nne ilimsumbua. Mita nne ni nje ya ukuta. Alifungua mlango akachungulia. Korido ilikuwa tupu, imetoka kupigwa deki, na haikuwa na unyayo hata mmoja.

Akazima. Akawasha.

Watu: wawili. Nusu mita. Mita mbili na nusu.

Safari hii ni ndani ya chumba. Aligeuka. Dirisha, ukuta mweupe, swichi ya taa, basi. Aliniambia kwamba hapo angeweza kuinuka aondoke, lakini alimwona Bubu akilini mwake, ametulia vile, akaona haya. Ubishi ndio uliomponza.

Akazima. Akawasha.

Watu: wawili. Nusu mita. Mita moja.

Jua lilikuwa linampiga mgongoni. Ghafla halikumpiga tena. Sakafuni, pembeni yake, lilikuwa bado linawaka.

Hakugeuka. Akazima. Akawasha.

Watu: mmoja. Nusu mita.

Alishusha pumzi. Joto la jua likarudi. Akarudi ofisini ameshika kihisi mkononi kama aliyeshinda kesi. "Kimejirekebisha chenyewe," alimwambia Bubu. "Mara ya nne kimenihesabu mimi tu."

Kwa mara ya kwanza yule mzee alimtazama. Alinong'ona, "Ulisoma mara nne?"

"Nne."

"Kifaa hakina kituko, binti. Kinasema kweli, ila yeye huonekana sekunde zile za kuamka tu. Mimi nilisoma mara moja tu, mita nane. Nikaona heri tangu hapo jibu la kwanza litupwe bila kusomwa. Ukimsoma, anajua umemwona."

"Lakini sasa hayupo. Nimekwambia mtu mmoja."

"Ni mmoja kwa sababu nafasi kati yenu imekwisha," Bubu alisema, akasimama. Akabeba kiti chake, akaenda kukiweka upande wa pili wa ofisi. "Usinikaribie," alisema. Ndilo neno la mwisho alilowahi kumwambia.

Jioni dada alitoka na wenzake. Milango ya kioo ya jengo lile hujifungua mtu akifika na kujifunga akipita. Alipita. Ikaanza kujifunga, ikasita, ikafunguka tena. Askari wa mlangoni akapaza sauti: "Dada, mwambie mwenzako apite au arudi. Asisimame hapo."

Hapakuwa na mtu.

Ikawa hivyo kila siku. Dukani, benki, kwenye lifti. Alikirudisha kiraka kwa mikono yake mwenyewe, akaandika msamaha hadharani, yeye Msumeno! Haikusaidia. Ofisini walimhama kiti kimoja kimoja, mpaka akabaki peke yake na safu nzima ya meza tupu. Hakuna aliyemhurumia. Alikuwa amewakata wengi mno.

Alikuja kuishi kwangu, chumba cha nyuma. Alilala taa inawaka. Baada ya wiki mbili alipata kazi mji mwingine, kazi isiyo na vifaa, na Jumatatu asubuhi nikampeleka stendi. Hakuniaga vizuri. Aliniangalia kama mtu mwenye jambo la kusema, kisha akapanda.

Mimi ni fundi rangi. Jumatano nilipiga rangi kile chumba, mkono wa kwanza, nikatandaza magazeti sakafuni, nikafunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo nikautia mfukoni.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ndiyo kwanza nafungua nipige mkono wa pili, simu ikaita. Dada. Alikuwa anacheka, na sikuwa nimesikia kicheko chake kwa miezi.

"Mdogo wangu! Milango inajifunga! Nikishapita tu, inajifunga! Nimepona, mwanangu, nimepona. Huko vipi?"

Nilikuwa nimesimama kizingitini. Ukutani, mkabala na kitanda, rangi ilikuwa imebonyea. Mabega mawili, mgongo, kisogo, kama mtu aliyeegemea rangi ikiwa mbichi. Kisogo kilipita utosi wangu kwa shibiri nzima. Magazeti sakafuni hayakuwa yamekunjika.

"Salama tu, dada," nilimwambia. "Huku salama."

Nilipiga msasa, nikapaka upya ukuta na mlango, nikafunga. Ijumaa ukuta ule ulikuwa safi. Alama ilikuwa mlangoni, upande wa ndani: paji la uso, na viganja viwili.