Risasi Haiingii

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja tu kuzama. Fundi alishafunga dirisha la karakana, anataka awahi mkate dukani, mdogo wake alipoingia amekumbatia boksi refu kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake.

"Kaka, usifunge kwanza. Risasi haiingii."

Mdogo mtu huyo watu walishasahau jina lake. Ujanani alimpiga risasi ng'ombe wa jirani, akaapa kwamba ni nyati, akaendelea kuapa hata alipoonyeshwa kengele shingoni mwa marehemu. Tangu hapo akaitwa Nyati, na aliyeanza kumwita hivyo ni mwenye ng'ombe. Baba yao, naye fundi bunduki, alikuwa akisema, "Huyu hufyatua kwanza, kutazama baadaye." Baada ya hapo, mpaka mzee anakufa, Nyati hakuruhusiwa kushika hata manati.

"Mpya hii?" Fundi aliuliza.

"Imetoka kwenye boksi leo hii. Fundi wa kule stendi kaishika dakika kumi, kanirudishia kwa mikono miwili. Eti haitengenezeki. Namuuliza kwa nini, kimya. Hata chai niliyomwagizia hakuinywa."

Fundi akacheka mpaka tumbo likamtikisika. Yeye alikuwa amefanya kazi migodini, melini, na kwenye kambi za wawindaji za nchi nne. Alishatengeneza bunduki iliyofukiwa matopeni, bunduki iliyokaliwa na tembo, na moja ambayo mpishi wa kambi alikuwa akikorogea uji. Kitu pekee kilichopata kumshinda duniani, alipenda kusema, ni kitambi chake mwenyewe.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alichungulia na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na mwaka huo ndio kwanza amelima mahindi. Nguruwe pori walikuwa wamemlia mistari sita.

"Baba, itapona? Alfajiri naenda na baba mdogo shambani. Yeye atalenga, mimi nashika tochi."

"Na mimi je?"

"Wewe ukitembea unakoroma ukiwa macho, baba. Nguruwe watahama mji."

Binti akamtishia kwa kidole cha shahada, kile kilichowahi kupitiwa na sindano ya cherehani, kikabaki na kitundu cheusi katikati ya ukucha. Akarudi kazini. Ukuta ukaanza tena kusema tiki-tiki-tiki.

Fundi alitoa komeo la bunduki, akatazama ndani ya mtutu. Safi kama kioo. Akaingiza risasi kwenye chemba, pale inapolala kabla ya kufyatuliwa. Ikaenda nusu na kidogo. Ikagoma.

Akajaribu nyingine. Ikagoma palepale. Akaijaribu kwenye bunduki kuukuu ya marehemu baba yake, ikateleza yenyewe. Basi kasoro haikuwa ya risasi.

Kilichomsumbua ni kule kugoma kwenyewe. Chuma kikikutana na chuma hugonga. Hapa hapakugonga kitu. Palikuwa laini. Ukisukuma, nako kunakusukuma.

Akapaka risasi masizi ya taa, akaiingiza, akaivuta kwa koleo. Masizi yangemwonyesha inapokwamia. Yalimwonyesha. Kwenye ncha palikuwa na alama ya duara, yenye mistari myembamba ndani yake...

"Umeishika wewe hapo," Nyati alinong'ona.

"Nimeivuta kwa koleo. Umeniona."

Nyati akasema anatoka kuvuta sigara. Hakuwa mvutaji.

Kuna njia ya zamani. Unaziba mtutu kwa kitambaa, unayeyusha unga wa kiberiti, ile salfa ya manjano, unaumwaga ndani ya chemba. Ukiganda unausukuma nje kwa ufito, nao unakupa umbo kamili la tundu, na kila kovu lake. Fundi alifanya hivyo. Akangojea ile harufu kali ya kiberiti ikwangue koo.

Haikuja.

Ilikuja harufu ya ugoro. Ugoro wa baba yake.

Akasukuma ufito. Kitu kikamdondokea kiganjani, cha moto. Hakikuwa na umbo la risasi.

Kilikuwa kidole.

Kilikuwa na viungo vyake na mikunjo yake, na ukucha uliopasuka kati kama kwato ya mbuzi. Fundi aliujua ukucha ule. Jiliwa la mezani, lile la kubania vyuma, liliupasua Fundi akiwa mdogo, na kwa miaka ishirini kidole hicho kilimgonga utosini kikimfundisha kazi. Tazama kwanza! Ko. Tazama kwanza! Ko.

Akachungulia chemba kwa kurunzi. Tupu. Inang'aa.

"Mzee," alinong'ona. "Toa kidole."

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Angeweza kuirudisha ile bunduki kwa mikono miwili, kama yule wa stendi ambaye yeye mwenyewe alimcheka muda si mrefu. Lakini miaka thelathini hakuna bunduki iliyotoka mezani kwake na ugonjwa wake. Akajiambia mzee anampima, kama zamani. Na fundi ndivyo alivyo: akiona kasoro huiondoa, haiulizi imekuja kuzuia nini.

Akachukua kekee nyembamba ya kupanulia tundu, akaanza kuizungusha kwa mkono, taratibu. Alitarajia unga wa chuma. Ulitoka unga mweupe, mwepesi, wenye harufu ya ukucha ulioungua. Mara moja, mara moja tu, kitu mle ndani kilijikunja, kama mtu anayeumia asitake kulia.

Akaendelea kuzungusha.

Kisha risasi ikaingia. Komeo likashuka. *Kacha.* Laini kama siagi.

"Mikono yako ina dawa, kaka!" Nyati alipiga kelele mlangoni.

Kile kidole Fundi alikilaza kwenye droo, ncha ikielekea mlangoni. Alfajiri aliamka, akaenda kukitazama. Kilikuwa kimegeuka. Kilielekea ukutani, upande wa cherehani.

Hapo ndipo alipoelewa.

Chumba cha binti kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa. Walishatoka.

Fundi alikimbia. Kandambili moja ilibaki njiani, ya pili shambani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi, na mahindi yalimpita kimo. Akayavamia, mabua yakivunjika kushoto na kulia, kitambi kikimvuta nyuma. Alitaka kupiga kelele, "Msifyatue!" Pumzi haikutosha. Kilichomtoka kilikuwa mkoromo.

Mbele yake, karibu kabisa...

*Kacha.*

Aliijua sauti ile. Kazi nzuri. Kazi ya mikono yake.

Mwanga wa tochi ukamgeukia, ukatikisika. "Baba? Baba mdogo, ngoja, ni ba..."

Binti akaja mbio kumlaki, tochi mkononi. Akapita katikati ya mtutu na baba yake.

Nyati alitazama baadaye.

Waliokuja kuwauliza maswali waliandika "ajali". Nyati aliiuza bunduki, akahama, na hakuna aliyemtania tena kwa jina lile wala jingine. Fundi alirudi mezani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukaa. Aliacha kupiga hadithi za nchi nne. Cherehani aliifunika kwa shuka.

Jioni moja, mwaka haujatimia, mtu asiyemfahamu aliingia na boksi refu. Fundi alilijua kabla halijawekwa chini.

"Samahani, fundi. Risasi haiingii."

Hakuuliza kitu. Akaziba mtutu, akayeyusha kiberiti, akamwaga. Hapakuwa na ugoro safari hii. Palinuka mafuta ya cherehani. Akasukuma ufito, na kidole kikamdondokea kiganjani. Chembamba. Katikati ya ukucha, kitundu kidogo kama cha sindano.

Fundi akafunga kiganja. Akairudisha bunduki ndani ya boksi, akamnyooshea mwenyewe kwa mikono miwili.

"Haitengenezeki."

"Kwa nini?"

"Niuzie mimi," alinong'ona. "Taja unachotaka. Chukua karakana."

Yule mtu akamtazama kama anavyotazamwa mlevi. "Bunduki mpya hivi, mzee wangu? Mafundi wamejaa."

Fundi aling'ang'ania boksi. Yule mtu, aliyekuwa kijana zaidi, akalivuta mara moja tu, kwa adabu, likamtoka. Nje, ndani ya gari, kulikuwa na mtu anamsubiri, anacheka.

"Tazama kwanza!" Fundi alipiga kelele toka mlangoni. "Tazama kwanza!"

Alipungiwa mkono.

Taa nyekundu zikapinda kuelekea stendi. Yule wa stendi angekataa. Lakini baada ya stendi kuna mji, na baada ya mji kuna mji mwingine, na Fundi aliyekuwa ametembea kote huko aliwajua mafundi wake mmoja mmoja. Wote hodari. Wote wasiopenda kushindwa.

Kiganjani, kidole kilikuwa bado cha moto.